Uigizaji wa Kena katika Filamu ya Rafiki

Maandishi mengi kuhusu Rafiki (2018) yake Wanuri Kahiu hushughulikia marufuku iliyowekwa nchini Kenya na kuitupa fani kando. Mjadala wa sheria una haki yake, ila si uhakiki. Mwaka 2019, huko Ouagadougou, tamasha la FESPACO lilimtuza Samantha Mugatsia, aliyeigiza Kena, kuwa mwigizaji bora wa kike. Tuzo hiyo inaturudisha kwa mhusika mkuu mwenyewe: mabega ya mcheza kandanda, maneno machache, jicho linalotangulia ulimi. Kena anaposita kusema, mwili ndio unaosema. Bodi ya filamu ilitaka mwisho ubadilishwe, Kahiu akakataa. Kwani mkono ule begani mwa Kena umejengwa tangu onyesho la kwanza.