Adili na Nduguze: Kisa cha Utotoni Kisomwapo Tena

Mwalimu, ulipoisoma Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert utotoni, huenda majini na mji wa watu waliogeuka mawe ndivyo vilivyokuteka. Isome tena, safari hii ukimsomea mtoto nyumbani, Muthangari au kwingineko. Utaona kwamba fantasia yenyewe haijachuja. Lililobadilika ni swali. Mtoto hataulizia majazi ya Hasidi na Mwivu. Atauliza: mbona Adili awachape kila usiku ndugu zake waliogeuzwa manyani?

Swali hilo ni zito, hasa nchini Kenya ambako adhabu ya viboko ilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Usilikwepe. Mwonyeshe kwamba Adili hachapi kwa kupenda. Anatii amri ya Huria, jini. Mfalme Rai naye haridhiki na adhabu hiyo, anaingilia kati, na ndugu wanarudishiwa ubinadamu wao. Mwandishi basi haishii kwenye kisasi, bali kwenye msamaha.

Nawe mtahiniwa, usitosheke kuandika kwamba majina ni ya kimajazi. Eleza pia uchungu wa mchapaji. Hapo ndipo kisa hiki kinapoipita hekaya ya wema na ubaya.