Nenda Dukani na Saa

Muuza kompresa mjini Eldoret huanza na farasi. "Hii ni ya farasi watano, mzee," atakwambia, huku akipiga mtungi kofi kama mtu anayeuza fahali. Waache farasi wake kwanza. Soketi ya nyumbani hutoa ampea 13 kwa volti 240, yaani wati 3,120. Farasi mmoja ni wati 746, na mota nayo hupoteza sehemu ya umeme kwa joto. Piga hesabu: plagi ya kawaida ya pini tatu hulisha farasi watatu hivi, basi. Mashine ikija na plagi hiyo na kibandiko cha farasi watano, wawili wamechorwa tu.

Mtungi nao hudanganya kwa unene. Mtungi ni ghala. Shamba ni pampu iliyo juu yake. Mimi niliwahi kununua mtungi mkubwa uliong'aa rangi nyekundu, nikaenda kupuliza rangi geti langu. Dakika chache tu geji ikaanguka, bastola ikaanza kutema matone badala ya ukungu, nami nikakaa kwenye ndoo kusubiri upepo. Geti lile lina madoadoa mpaka leo.

Kwa hiyo nenda na saa. Mwambie muuzaji aiwashe mashine, nawe utazame geji. Sindano ikifika bar 4, anza kuhesabu; ikifika 6, simama. Zidisha lita za mtungi kwa mbili, kwa sababu umeongeza bar mbili: mtungi wa lita 50 umepokea takriban lita 100 za hewa ya kawaida. Ikiwa imechukua sekunde 60, pampu inatoa lita 100 kwa dakika. Ikiwa imechukua 90, inatoa kama 67, hata karatasi iseme 200. Mara nyingi namba ya kwenye karatasi ni ujazo ambao pistoni inafagia, si upepo unaofika kwenye mpira. Muuzaji akikataa kuwasha, umeshajibiwa.

Kipimo hicho kina faida nyingine kwetu sisi wa huku juu. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina kanieneo pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa. Kila mvuto wa pistoni unaingiza hewa nyepesi. Wakimbiaji wetu damu zao zimeizoea hewa hii, wakaitumia kuwashinda walimwengu. Kompresa haizoei kamwe. Mashine iliyojaza kwa dakika moja kule pwani, hapa itahitaji sekunde 75 au zaidi kidogo. Ukiipima papa hapa mjini, saa imeshauhesabu mwinuko. Ukiagiza kutoka Mombasa, uhesabu mwenyewe.

Lita ngapi zinatosha? Inategemea kazi. Kujaza matairi ya gari dogo na kupuliza vumbi kwenye kichujio hakuhitaji makubwa. Mashine ndogo ya lita 24 itafanya, ila ukiwa na lori utaisubiri sana. Bastola ya kufungulia nati hula lita mia na zaidi kwa dakika, lakini hula kwa vipande, kwa hiyo mtungi wa lita 50 wenye pampu ya kweli ya lita 100 huihimili. Kupuliza rangi gari zima ni habari nyingine: bastola inaweza kutaka lita 250 au zaidi bila kupumzika. Kwa kazi hiyo mlipe fundi mwenye mashine kubwa. Usijaribu kuinunua kwa bei ya nafuu, haipo.

Baada ya saa, tumia sikio. Mashine ndogo isiyotumia oili, ambayo mota yake inasukuma pistoni moja kwa moja, huzunguka karibu mara 2,800 kwa dakika na hupiga kelele za kuamsha ploti nzima. Ya mkanda, yenye silinda za chuma kizito na oili, huzunguka polepole, hupoa vizuri, na vipuri vyake, ringi na vali, hubadilishika. Nikipewa mbili za bei moja, nachukua ya mkanda hata kama mtungi wake ni mdogo. Inapojizima, sikiliza ule mlio mfupi wa "psss": ni upepo uliobanwa juu ya pistoni unaachiliwa. Usipousikia, mota italazimika kuanza ikiwa na mzigo kifuani, na haitadumu. Kisha iache nusu saa, unywe chai. Ukirudi, sindano iwe pale pale.

Ukiangalia ya mitumba, soma kibati chake kabla ya kushika chochote. Volti 110 na hezi 60 maana yake huenda imetoka Marekani, na itakutia gharama. Oili kwenye kioo ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, imeingia maji. Na zile zinazoungwa kwa pampu ya friji na mtungi wa zamani wa gesi, naupenda ubunifu wake na naupenda ukimya wake, lakini siwezi kukaa karibu na weldi ambayo hakuna aliyeipima. Mtungi wa upepo ukipasuka, haupasuki kidogo.

Pesa ikibaki, nunua mpira mrefu wa upepo, si waya mrefu wa umeme. Waya mwembamba wa mita 20 hunyonya volti, mota ikanguruma bila kuzunguka, hasa jioni umeme ukiwa hafifu.

Mwisho, inama uangalie chini ya mtungi. Kuna vali ndogo ya kumwagia maji, na huku kwetu kwenye mvua na baridi utaihitaji kila siku ya kazi. Ifungue ungali dukani kama mashine imewahi kutumika. Maji meupe, sawa. Yakitoka mekundu kama udongo wa Uasin Gishu, rudisha pochi mfukoni.