Kahawia Mahali Pake

Mpe fundi wa maabara ya patholojia kipande cha utumbo mwembamba na kingamwili ya kunasa kimeng'enya cha lisozaimu, naye atatazama kwanza chini kabisa ya vijishimo vya utando wa utumbo. Huko ndiko zinakokaa seli za Paneth, zimejaa punje zenye kimeng'enya hicho. Punje zikitoka kahawia iliyokolea na seli jirani zikabaki buluu, kazi inaendelea. Zikipauka, hakuna haja ya kugusa kipande cha mgonjwa. Kasoro iko mezani pake.

Lisozaimu tunayo sote, kwenye machozi, mate na maziwa ya mama. Alexander Fleming aliitangaza London mwaka 1922, miaka sita kabla ya kuigundua penisilini, baada ya kamasi zake mwenyewe za mafua kuyeyusha bakteria kwenye sahani. Ni protini ndogo, asidi amino 130 tu. Hukata minyororo ya sukari inayoujenga ukuta wa bakteria, ukuta ukalegea, maji yakaingia, bakteria akapasuka.

Kingamwili za kuinasa hupatikana mara nyingi kwa sungura aliyedungwa lisozaimu ya binadamu. Sungura naye ana ya kwake, kwa hiyo kinga yake hushughulika zaidi na pale ya binadamu inapotofautiana na ile aliyoizoea.

Sehemu ya mkono huanza kwenye nta ambamo kipande kimegandishwa. Kipande hukatwa kwa unene wa mikroni 4 hivi, kikaelea juu ya maji ya uvuguvugu, na fundi hukiopoa kwa kioo bila kuacha kikunjo, maana kikunjo hunywa rangi na kudanganya. Nta huyeyushwa kwa zaileni, kisha kioo hupita kwenye alkoholi hadi majini.

Sasa inakuja hatua ninayoiheshimu kuliko zote, nayo haionyeshi chochote. Kingamwili haina rangi. Rangi huletwa na kimeng'enya kingine, peroksidesi, kilichobebwa na kingamwili ya pili inayoishika ya kwanza. Shida ni kwamba chembe nyeupe za damu ziitwazo nyutrofili zina peroksidesi yao wenyewe, na hizohizo hubeba lisozaimu. Mwenye haraka ataziona kahawia, aridhike, na kumbe hakupima kitu: jibu ni la kweli, ushahidi ni wa uongo. Ndiyo maana kioo huogeshwa kwanza kwa peroksaidi ya hidrojeni ili kuizima ile ya asili, na pembeni huwekwa kioo cha pili kisichotiwa kingamwili ya kwanza. Hicho kikitoka kahawia, vyote hutupwa.

Halafu kuna uchanganyaji. Lisozaimu ni nyingi mwilini na ina chaji chanya kali. Ikivuja kutoka seli zinazokufa hung'ang'ania kila kilicho karibu. Ukiongeza kingamwili kwa kutaka uhakika, kioo kizima kinapata ukungu. Fundi mzuri huipunguza hatua kwa hatua kwenye utumbo anaoujua, hadi abakiwe na punje peke yake, zimeelekea upande wa tundu la kijishimo, kila moja ikihesabika. Akishatia rangi huisimamia kwa darubini na kuikatiza kwa maji kabla haijazidi. Mashine siku hizi hufanya mengi ya haya, lakini kiwango cha kuchanganya bado huchaguliwa na mtu, na asiyejua utumbo mzima unavyofanana atachagua vibaya hata akiwa na mashine ya bei mbaya.

Kwenye saratani za damu za ukoo wa monositi, lisozaimu huwa shahidi mzuri asiyetosha peke yake, kwa kuwa seli nyingine za uboho nazo hubeba. Kioo chake hupelekwa kwa daktari pamoja na cha protini ya CD68 na cha mailoperoksidesi, ile peroksidesi ya nyutrofili, naye huvisoma vyote kabla ya kuandika jina la ugonjwa.