Kamera, Mkato na Kauli: Filamu Mbili za Wanafunzi wa Los Angeles

Wahakiki wa fasihi katika Afrika ya Mashariki wamezoea kuigawa kazi ya sanaa mafungu mawili, fani na maudhui. Mgawanyo huo una manufaa yake darasani, lakini ukihamishiwa kwenye filamu kama ulivyo huzaa kosa kubwa. Mwanafunzi hufundishwa kwanza kuishika kamera, kupima mwanga na kuunga vipande, kana kwamba hizo ni zana tupu zisizo na kauli. Kisha huambiwa aende akatafute jambo la kusema. Filamu mbili zilizotengenezwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, katika miaka ya 1970 zinatosha kuudhihirisha upungufu wa njia hiyo. Nazo ni Bush Mama ya Haile Gerima, mzaliwa wa Gondar nchini Ethiopia, iliyokamilika mwaka 1975, na Killer of Sheep ya Charles Burnett, iliyotolewa chuoni mwaka 1977 kuwa kazi ya shahada ya uzamili.

Chuo hicho kilikuwa na desturi ya kumtaka mwanafunzi mgeni atengeneze filamu fupi yake mwenyewe, akiandika, akipiga picha na kuhariri, hata kabla hajafahamu mengi. Kutokana na zoezi hilo Larry Clark alitoa filamu aliyoiita Tamu, mwaka 1970. Jina hilo la Kiswahili lisimshangaze msomaji, kwani Weusi wengi wa Marekani katika miaka hiyo waliitafuta Afrika kwa njia ya lugha hii. Walter Gordon, mwanafunzi mwenzao, alijiita Jamaa Fanaka, na mwenye kukizungumza Kiswahili tangu utotoni huenda akatabasamu kidogo. Hata hivyo nia yake ilikuwa wazi.

Burnett alikulia Watts, mtaa wa Weusi mjini humo, na huko ndiko alikoipeleka kamera yake ya milimita 16, akipiga picha zisizo za rangi, aghalabu siku za mwisho wa juma. Gharama zake hazikufika dola 10,000. Stan, mhusika mkuu, anafanya kazi machinjioni, na uchovu wa kazi hiyo humfuata hadi nyumbani. Katika tukio moja Stan na rafiki yake wananunua injini kuukuu kwa dola 15, wanaibeba kwa taabu kuishusha ngazi, wanaiweka ukingoni mwa pikapu. Gari linapoondoka injini inaanguka na kuvunjika. Mwanafunzi aliyekariri kanuni angekimbilia kuonyesha uso wa Stan kwa karibu ili mtazamaji aelewe kwamba ameumia. Burnett hafanyi hivyo. Kamera inabaki na gari, na injini inaonekana barabarani ikizidi kuwa ndogo kadiri gari linavyosonga mbele. Hasara haielezwi na mtu yeyote. Umbali ndio unaoieleza. Hapo fani iko wapi, na maudhui yako wapi?

Hali ni hiyo hiyo katika tukio la Stan na mkewe wakicheza dansi mbele ya dirisha. Kamera imetulia, picha haikatwi. Muziki unapokwisha Stan anajitenga na kuondoka, na mke anabaki peke yake dirishani. Mkato mmoja tu katikati ungempa mtazamaji nafasi ya kupumua, na kupumua huko ndiko mke huyo alikonyimwa.

Bush Mama inakwenda kinyume kabisa. Dorothy ana mimba. Mumewe, aliyepigana Vietnam, amefungwa kwa kosa asilolitenda, na ofisi ya msaada wa serikali inamshurutisha aitoe mimba hiyo. Gerima anahariri kwa kurundika. Maswali ya maofisa yanasikika juu ya picha za barabarani, helikopta inanguruma juu ya mazungumzo, na mtazamaji anakosa utulivu kama Dorothy anavyoukosa. Mwanzoni mwa filamu polisi wanaonekana wakiwasimamisha watu. Hao hawakuwa waigizaji. Walikuwa polisi wa kweli waliowasimamisha wapiga picha wa Gerima wakiwa kazini. Mwalimu mwenye kushikilia kanuni angeshauri kipande hicho kitupwe, kwa kuwa hakikuandikwa. Gerima alikiweka mlangoni mwa kazi yake.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba Burnett alikuwa mmoja wa wapiga picha wawili wa Bush Mama. Mtu yule yule, chuo kile kile, mji ule ule. Lakini picha zilipofika mezani mwa mhariri zilipata maana mbili zisizofanana. Neno kuhariri, ambalo Kiswahili kimelichukua kutoka kazi ya vitabu, linapotosha hapa, maana humfanya mwanafunzi adhani kwamba kazi ni kusahihisha. Ingefaa zaidi afikirie ushonaji wa mkeka: ukili huonekana rangi yake kwa sababu ya ukili ulioshonwa kando yake. Burnett anapowaweka watoto wanaocheza karibu na kondoo wanaoswagwa machinjioni, hakuna aliyesahihishwa.

Si kwamba Gerima hakosei. Mwishoni Dorothy anasimama mbele ya picha ya ukutani ya mwanamke wa Angola aliyebeba mtoto na bunduki, na maneno yake yanarefuka kuliko inavyohitajika, kwani picha ile na matendo yake Dorothy yalikwisha kusema. Huo ni udhaifu wa mkato, na kwa hiyo ni udhaifu wa kauli pia.

Burnett naye aliteleza penye sauti. Alizitia nyimbo katika filamu yake bila kuzilipia haki, kama mwanafunzi asiyetazamia kuuza. Kwa hiyo, ijapokuwa filamu ilituzwa na wahakiki mjini Berlin mwaka 1981 na kuingizwa mwaka 1990 katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa ya Maktaba ya Bunge la Marekani, haikuonyeshwa katika majumba ya sinema hadi mwaka 2007, baada ya haki hizo kulipiwa dola 150,000. Kuubadilisha ule wimbo wa Dinah Washington kungekuwa nafuu. Lakini Stan na mkewe walikwisha kucheza kwa mwendo wake.