‘Ni kweli’ ya kizimbani si sawa na ‘nina hatia’

MSOMAJI mmoja anayeishi karibu na Mto Chania, mjini Thika, ameniuliza: “Mwalimu, kwani ‘mshukiwa’ na ‘mshtakiwa’ si mtu yule yule?” Anasema huwasikia watu wakiyachanganya maneno hayo kila anapofuatilia habari za mahakama.

Mtu anaweza kuwa yule yule, ila hali zake ni mbili. Mshukiwa ni mtu anayedhaniwa kutenda kosa. Polisi wangali wanamchunguza. Akishasomewa mashtaka mbele ya hakimu, anakuwa mshtakiwa. Hawi mhalifu hadi mahakama impate na hatia, na hawi mfungwa hadi ahukumiwe kifungo. Kwa hivyo anayeandika kwamba “mwizi alifikishwa kortini” amekwisha kutoa hukumu kabla ya hakimu kufungua faili.

Mkanganyiko wa pili unahusu mlalamishi. Wengi hudhani yeye ndiye anayeshtaki. Katika kesi ya jinai anayeshtaki ni Jamhuri, na anayeiwakilisha ni kiongozi wa mashtaka. Aliyeibiwa huja kama shahidi, ingawa Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014 imempa nafasi ya kusikizwa. Upande wa pili yupo mshtakiwa, na wakili wake ikiwa anaye. Kati yao yupo hakimu.

Hata hivyo, kuna mtu mmoja tunayemsahau: karani. Katika mahakama za mahakimu kama zile za Thika na Ruiru, mara nyingi yeye ndiye anayesoma mashtaka, na ndiye anayekuwa mkalimani. Kasoro kubwa ya lugha inaanzia hapo.

Karani akishamaliza kusoma, huuliza: “Ni kweli ama si kweli?” Swali linaonekana jepesi, lakini lina walakini. Ni kweli nini? Shtaka moja hubeba mambo kadhaa. Kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu, kwa mfano, hakisemi kwamba kuiba ni kuchukua tu. Lazima mtu awe amechukua kwa nia ya ulaghai, na bila kuamini kuwa ana haki juu ya kitu hicho.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kibarua wa mjengo kule Ruiru anadai mshahara wa wiki tatu. Anaondoka na wilbaro ya mwajiri, akiamini kwa dhati kuwa ana haki ya kuishika hadi alipwe. Kizimbani anaulizwa swali lile lile, naye anajibu: “Ni kweli, mheshimiwa, nilibeba hiyo wilbaro juu hajanilipa.” Amekiri kubeba, hajakiri kuiba. Tena sehemu ya mwisho ya jibu lake ni utetezi. Lakini kwenye faili, ambalo kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, linaweza kubaki neno ‘kweli’ peke yake. Nasi magazetini tutaandika kuwa “alikiri shtaka la wizi”.

Neno ‘kosa’ nalo lina mtego wake. Katika maongezi ya kila siku, ‘nimekosa’ ni adabu. Kijana humwambia mzee hivyo hata pale anapojua kuwa hakutenda lolote, ili mambo yapoe. Anayesimama mbele ya hakimu kwa mara ya kwanza huingia na adabu hiyo hiyo: “Nimekosa, naomba msamaha.” Mahakamani, heshima hiyo inaweza kusikika kama ungamo.

Gharama yake ni kubwa. Kifungu cha 348 cha Sheria ya Taratibu za Jinai kinasema kuwa aliyekiri kosa na kupatikana na hatia katika mahakama ya chini hawezi kukata rufaa isipokuwa kuhusu ukubwa au uhalali wa adhabu. Kweli, mahakama ya juu inaweza kubatilisha ungamo lililokuwa na utata. Lakini utata huo utaonekanaje ikiwa maneno yenyewe hayakuandikwa?

Si kwamba sheria imenyamaza. Kifungu cha 207 cha sheria hiyo kinataka maneno ya anayekiri yaandikwe kwa ukaribu iwezekanavyo na alivyoyatamka. Katika kesi ya Adan ya 1973, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilieleza hatua kwa hatua: shtaka na viungo vyake vyote vifafanuliwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, jibu lake liandikwe, kiongozi wa mashtaka aeleze yaliyotukia, kisha mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza lake. Nayo Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 50, inampa mkalimani bila malipo asipoielewa lugha inayotumika.

Isitoshe, Kifungu cha 198 kinaruhusu mahakama ya chini itumie Kiingereza au Kiswahili. Basi kwa nini jibu lililotolewa kwa Kiswahili lisiandikwe kwa Kiswahili?

Kwa maoni yangu, swali la “ni kweli ama si kweli” linafaa kuvunjwavunjwa. Katika mfano wetu: Ulichukua wilbaro? Ilikuwa ya nani? Alikuruhusu? Uliichukua kwa nini? Maswali hayo manne hayamalizi hata dakika tano, lakini yanamtofautisha mwizi na mdai.

Nasi waandishi tujirekebishe. ‘Kukiri shtaka’ litumike tu pale ambapo mahakama imelipokea ungamo. Kabla ya hapo, tumnukuu mtu kwa maneno yake mwenyewe, yote, pamoja na ile ‘juu hajanilipa’.