Kumsifu Fundi wa Rejeta

Barabara itokayo Mbinga kwenda Mbamba Bay, ambayo urefu wake ni kilomita zipatazo 66, huanza katika milima ya Umatengo, mahali palipoinuka zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, ikateremka kwa kona nyingi hata ikafika mwambao wa Ziwa Nyasa, ambalo uso wake haufiki mita 500. Na kwa kuwa tofauti hiyo yote ya kimo imekusanywa katika safari ya muda mchache, gari linaloshuka asubuhi na magunia ya maharage, likapanda alasiri na viroba vya usipa, dagaa wa ziwa lile, hupata kwa siku moja mtihani ambao gari la tambarare laweza kuishi mwaka mzima bila ya kutahiniwa nao. Lami iliyotandazwa katika miaka ya karibuni imeondoa vumbi la kiangazi na utelezi wa masika, lakini haikuuondoa mlima.

Kwa sababu hiyo nataka kuisifu kazi ambayo aghalabu huhesabiwa kuwa ndogo, hata hupewa kijana aliyeingia gereji juzi: kazi ya kumwaga maji yaliyochoka katika gari kuukuu, kuisafisha injini kwa ndani, na kutia kulanti mpya. Ada ya watu ni kusifu ufundi unaoacha kitu cha kutazamwa. Mchongaji huacha mlango, msusi huacha mkeka, na mjenzi wa mtumbwi pale Lituhi huacha chombo ambacho wajukuu wake watakionyesha kwa fahari. Fundi wa rejeta haachi kitu. Akifaulu, hapana litakalotokea: gari litapanda mlima kama lilivyopanda jana, mshale wa geji utasimama palepale, abiria watasinzia, na hakuna atakayemtaja. Ni vigumu kwa mwanadamu kuipenda kazi ambayo tunda lake ni kutotokea kwa jambo. Na yule aipendaye, akaitenda kwa ihsani wala asiharakishwe, nadhani amefika daraja ambalo mafundi wengi wenye sifa kubwa hawajalifikia.

Katika mafuta yanayoungua ndani ya silinda, takriban theluthi moja tu ya nguvu yake hugeuka kuwa mwendo. Theluthi nyingine hutoka na moshi, na sehemu kubwa ya baki hukabidhiwa maji, yaitoe kwenye chuma na kuipeleka kwenye rejeta ikapigwe na upepo. Tangu Wilhelm Maybach alipoipa Mercedes ya kwanza rejeta yake ya vijitundu vingi, mwanzoni mwa karne ya 20, kanuni hiyo haikubadilika. Lakini maji yana tabia ambayo mpandaji mlima hana budi kuifahamu. Yale yachemkayo kwa nyuzi 100 katika forodha ya Mtwara, huchemka kwa nyuzi 95 hivi mjini Mbinga, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi na haiyagandamizi kwa uzito ule ule; basi gari litokalo ziwani na mzigo, kadiri linavyozidi kupanda na kutoa joto jingi, ndivyo maji yake yanavyozidi kukaribia kuchemka, na mambo hayo mawili hukutana karibu na kilele, ambako injini imechoka kuliko mahali pengine popote.

Watu wa mwambao ule walizijua mashine za maji yachemkayo kabla ya kulijua gari. Pale Liuli, palipoitwa Sphinxhafen zama za Wajerumani, ndipo meli ya mvuke Hermann von Wissmann iliposhambuliwa na Gwendolen ya Waingereza mwezi Agosti 1914, nayo ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Katika meli zile kuchemka kwa maji ndiko kulikokuwa kazi yenyewe. Katika gari kuchemka ni msiba, kwa sababu mvuke haupozi chuma kama maji yanavyokipoza: hedi ya alumini hupinda, gasketi huungua, na mwenye gari hujikuta akilipa fedha ambazo zingemnunulia kulanti ya maisha yake yote.

Husikika mara kwa mara, katika gereji bubu za miji yetu, dereva akisema, “Fundi, wewe tia maji tu, huku kwetu hakuna barafu.” Maneno hayo si ya upumbavu. Kweli ni kwamba kulanti ilipata umaarufu wake katika nchi za theluji, na mtu aliyeona asubuhi za baridi za Umatengo mwezi Juni anajua kwamba hata hizo hazipasui injini. Lakini fundi aliyeiva humjibu kwa upole, “Mzee wangu, hatutii kwa ajili ya barafu, tunatia kwa ajili ya mlima na kutu,” na katika jibu hilo fupi mna elimu nyingi. Ethilini glikoli, iliyo kiini cha kulanti, ambayo mwanakemia Mfaransa Charles-Adolphe Wurtz aliitengeneza katika miaka ya 1850 bila ya kuwaza habari ya magari, huchemka kwa nyuzi 197 ikiwa peke yake; ikichanganywa na maji nusu kwa nusu, mchanganyiko huo huchemka kwa nyuzi 107 hivi penye usawa wa bahari; na mfuniko wa rejeta, ambao springi yake hushikilia shinikizo ndani, huongeza nyuzi 20 au zaidi. Hiyo ndiyo akiba inayolivusha gari kilele.

Habari ya kutu ni ya siri zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito. Ndani ya gari kuukuu, hasa lile lililotumika Japani miaka kumi kabla ya kuteremshwa Dar es Salaam, maji yale yale hugusa bloku ya chuma, hedi ya alumini, rejeta ya shaba au ya alumini, na risasi ya kulehemu. Na metali za jinsi mbalimbali zikikutanishwa ndani ya maji hulana. Kulanti huja na viungo vya kuzuia ulaji huo, lakini viungo hivyo hufanya kazi kwa kujitoa mhanga: vile vya kulanti ya kijani ya mtindo wa kale huelekea kwisha baada ya miaka miwili hivi, ilhali rangi hubaki nzuri vile vile, ikimdanganya mwenye gari kwamba mlinzi angali zamu. Na yule atiaye maji ya kisima au ya mtoni huongeza madhara juu ya madhara, maana chumvi iliyomo huganda kuwa magamba katika vijia vyembamba. Afadhali maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi. Na bora kuliko hayo ni maji yaliyokenekwa, yauzwayo madukani kwa ajili ya betri, mradi mnunuzi ahakikishe kwamba hakupewa tindikali.

Sasa na tuitazame kazi yenyewe. Mwanzo wake ni kungoja. Injini iliyotoka safari haifunguliwi, maana maji yaliyozuiliwa na mfuniko yana joto lipitalo kiwango cha kuchemka, na mara mfuniko ulegezwapo hugeuka mvuke kwa ghafla na kumrukia mtu usoni na kifuani. Wako makondakta na madereva wenye makovu ya mikono yatokanayo na haraka ya dakika moja. Fundi mwema huligusa bomba la juu kwa kiganja, akiona lingali na moto hurudi kivulini. Huo si uvivu.

Injini ikipoa, huweka beseni safi chini, akalegeza koki iliyo pembeni mwa rejeta kwa chini, kisha akafungua mfuniko ili hewa iingie na maji yatoke kwa mkondo mmoja. Nasema beseni safi kwa kusudi, kwa kuwa maji yale hayatupwi kabla ya kusomwa. Yakiwa ya rangi ya udongo mwekundu, kutu imeshaingia ndani ya bloku. Yakiwa meupe kama chai ya maziwa, oili na maji vimekutana mahali visipopaswa kukutana, na yafaa gasketi ya hedi ichunguzwe kabla ya kutumia hata shilingi moja kwa kulanti. Yakiwa na vumbi la chuma ling'aalo, huenda pampu ya maji inajisaga. Tabibu wa zamani alikuwa akiutazama mkojo wa mgonjwa juani kabla ya kusema neno. Na sioni fedheha kwa fundi kufananishwa naye.

Kisha hufungua nati ya bloku yenyewe, jambo ambalo wenye haraka huliruka kwa sababu nati hiyo hukaa pabaya na aghalabu imeshikwa na kutu, ingawa kiasi kikubwa cha uchafu hulala huko. Baada ya hapo hufunga, hujaza maji safi, huwasha injini na kuiweka hita kwenye joto la juu kabisa, ili njia zake nazo zisafishwe. Hungoja thamostati ifunguke, ambayo katika magari mengi hufunguka kwa nyuzi 82 hivi, na hujua kwamba imefunguka kwa kulishika bomba, lililokuwa baridi, likaanza kupata uvuguvugu na mara likawa la moto. Huzima, hungoja tena ipoe, humwaga tena. Hurudia mpaka maji yatokayo yawe kama maji yaingiayo, na idadi ya marudio haiamuliwi na saa wala na bei, bali na beseni.

Katika kutia kulanti mna hesabu ndogo inayomtenga mjuzi na asiyejua. Haidhuru fundi amwage namna gani, maji kadha wa kadha ya kusafishia hubaki ndani ya bloku. Basi akichanganya nusu kwa nusu nje ya gari na kumimina, atakuwa ametia mchanganyiko uliozimuliwa. Mjuzi huuliza kwanza gari linachukua lita ngapi kwa jumla, tuseme 6 katika saluni ndogo, kisha humimina lita 3 za kulanti isiyochanganywa, ndipo ajazie kwa maji mpaka pajae. Humimina taratibu, kwa kuwa adui wa mwisho ni hewa. Kipovu kikijificha karibu na hedi, pale penye moto mwingi hapatapata maji, na geji yaweza kuonyesha usalama huku chuma kinaungua. Kwa hiyo gari huegeshwa likiinua pua, na katika mji wa vilima kama Mbinga haikosekani mteremko wa kufaa; mipira hubinywa kwa mkono, hita huachwa wazi, na vipovu hutazamwa vikitoka kimoja kimoja mdomoni mwa rejeta mpaka vikome.

Yapo mazoea mawili ninayoyapinga kwa moyo wote. La kwanza ni kuing'oa thamostati na kuitupa, kwa dhana kwamba nchi ya joto haiihitaji. Gari la namna hiyo hushuka kwenda Mbamba Bay injini ikiwa baridi mno, likila mafuta bure na kujisaga. Na katika baadhi ya injini, kuiondoa huyaachia maji njia ya mkato yasipite katika rejeta, hata gari likachemka kwa sababu ya dawa iliyokusudiwa kulizuia lisichemke. La pili ni kuchanganya kulanti kwa kufuata rangi. Nyekundu ya kampuni moja si lazima iwe nyekundu ya nyingine, na viungo visivyopatana huweza kuharibiana au kuganda. Palipo na shaka, heri kuosha yote na kuanza upya.

Kuna amana nyingine ambayo kwangu haina mjadala. Ethilini glikoli ina ladha tamu, na ni sumu: mbwa huinywa, mbuzi huinywa, mtoto aliyeikuta ndani ya chupa ya soda huinywa, na kiasi kidogo chatosha kuua figo na uhai. Milima ya Umatengo hupeleka maji yake mengi ziwani, katika ziwa lenye aina za samaki zipatazo mia saba na zaidi, nyingi zisizopatikana mahali pengine duniani, na lenye watu wanaochota humo maji ya kupikia. Fundi amwagaye beseni lake mtaroni amefanya kazi nusu, hata kama gari litapanda mlima bila ya taabu. Yampasa aitie kulanti iliyochoka katika dumu lenye kifuniko, aliandike kwa herufi kubwa kwamba ni sumu, na kuliweka mahali pasipofikiwa na mtoto, mpaka lipatiwe mahali halali pa kupelekwa.

Limebaki suala la ujira, nalo ndilo linalonikera. Mwenye gari huona spana imeshikwa kwa nusu saa, akataka kulipa ya nusu saa. Kule kungoja kivulini, kurudia kuosha, kutazama vipovu, na kurudi asubuhi ya pili injini ikiwa baridi kuangalia kama kulanti imeshuka na kuongeza kidogo, hakuhesabu. Matokeo yake ni kwamba vijana hujifunza kuruka yale yasiyolipwa, na yasiyolipwa ndiyo yenye manufaa. Wenye magari wa Mbinga na wa mwambao wa Nyasa wangefanya vyema kupatana bei ya kazi nzima kabla koki haijafunguliwa, ziara ya asubuhi ya pili ikiwamo, na kuilipa bei hiyo baada ya ziara kufanyika.