Kaburu Alihamia Wapi? Rangi, Taifa na Usimulizi wa Shauri la Ardhi ya Meru

Katika Kiswahili cha Tanzania neno kaburu limehamia kusini. Msomaji aliyepitia shule baada ya uhuru akilisikia huwaza Pretoria, Soweto na harakati za ukombozi. Hawazi Ngarenanyuki wala Ol Donyo Sambu. Hata hivyo, makaburu walikaribishwa na utawala wa Kijerumani kwenye miteremko ya Mlima Meru mwanzoni mwa karne ya 20, muda mfupi baada ya vita vyao na Waingereza vya 1899–1902. Walikuwa sehemu ya mkanda wa mashamba ya Wazungu ulioubana mlima na kuwakatia Wameru na Waarusha njia ya kuteremka tambarare. Hoja ya makala hii ni kwamba kuhama kwa neno hili hakukutokea kwa bahati. Kulisaidia historia rasmi kulieleza taifa lisilo na rangi, na kulipunguzia Shauri la Ardhi ya Meru kile kilicholifanya liwe zito.

Uzito huo ulikuwa wa rangi waziwazi. Tume ya Jaji Mark Wilson iliyochunguza ardhi za Arusha na Moshi, na ambayo taarifa yake ilitoka mwaka 1947, ilipendekeza eneo kati ya Meru na Kilimanjaro liwe mfululizo mmoja wa makazi ya Wazungu. Novemba 1951 takriban Wameru 3,000 waliondolewa kwa nguvu Ngarenanyuki, nyumba zao zikabomolewa, ili wafugaji wachache wa Kizungu wapate malisho. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alilifikisha lalamiko hilo Umoja wa Mataifa, New York, akisaidiwa na Earle Seaton, wakili mweusi mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi zake Moshi. Azimio la kuwaunga mkono Wameru lilipita katika Kamati ya Nne, lakini katika Baraza Kuu likakosa theluthi mbili ya kura.

Vitabu viwili vinavyolieleza tukio hili kwa ukaribu zaidi vilitoka Nairobi mwaka mmoja, 1967: kile cha Japhet na Seaton, The Meru Land Case, na kile cha Mmarekani Anton Nelson, The Freemen of Meru. Ni mwaka uleule wa Azimio la Arusha, lililopitishwa katika mji uliomo chini ya mlima huohuo. Vyote viwili ni vya Kiingereza. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili amelipata tukio hili hasa kwa muhtasari: aya moja au mbili katika somo la historia, kati ya vyama vya ushirika na kuzaliwa kwa TANU tarehe 7 Julai 1954.

Muhtasari huo una msamiati wake. Kwanza, case limekuwa kesi. Lakini hapakuwa na hakimu aliyekaa kitini kuamua nani mwenye ardhi. Palikuwa na ombi, mjadala na kura. Neno shauri lingefaa zaidi, kwa kuwa hubeba pamoja mgogoro, mazungumzo na kutafuta rai, na halimwahidi msikilizaji kwamba hukumu ilipatikana. Kesi hufungwa; shauri huweza kubaki. Pili, tunasoma kwamba Wameru walihamishwa. Kitenzi hicho hakimtaji anayebomoa, na ndicho kilichotumika tena, bila kutikisika, katika uhamishaji wa vijijini wa miaka ya 1970. Ninashuku kwamba urahisi wake wa kiutawala ndio umekidumisha. Tatu, aliyepewa ardhi huitwa mkoloni. Rangi yake imefutwa, ingawa ndiyo iliyokuwa sifa pekee aliyotakiwa kuwa nayo.

Ufutaji huu una sababu ya kuheshimika. Oktoba 1961, bunge lilipojadili sheria ya uraia, Nyerere alikataa katakata uraia ufungwe na rangi ya ngozi, akawa tayari kujiuzulu kwa ajili hiyo. Taifa lililojengwa juu ya msimamo huo lilihitaji masimulizi ambamo adui ni mfumo. Hapo ndipo kaburu alipofaa: ubaguzi wa rangi ukapata jina na nchi yake, ng'ambo ya Limpopo. Ulinganisho na Jamhuri ya Dominika unaweza kutusaidia, kwa tahadhari. Huko historia rasmi ya enzi ya Trujillo iliusukuma weusi ng'ambo ya mpaka, kwa Wahaiti waliouawa kwa maelfu mwaka 1937, na raia wengi wenye asili ya Kiafrika wakaandikwa indio katika vitambulisho. Nia za watawala hao na za Nyerere hazifanani hata kidogo. Kinachofanana ni mbinu ya usimulizi: jambo la nyumbani hupewa makazi ugenini.

Mtu anaweza kupinga kwamba Wameru wenyewe walilitaifisha shauri lao, kwani Japhet aliporudi alizunguka nchini akilieleza, kisha akawa kiongozi wa TANU. Ni kweli, na pingamizi hilo lina nguvu. Lakini kulipeleka kwa taifa si sawa na taifa kulifupisha. Hata jina lililobaki ni la kiserikali: wenyewe hujiita Varwa. Waarusha nao, waliobanwa na mkanda uleule, hawamo katika jina la shauri, ingawa ardhi yao hadi huku Terrat, ukingoni mwa Jiji, ingali ikizungumzwa kwa maneno yaleyale: mwenyeji, mgeni, kuhamishwa. Hatua ya lazima kwa mtafiti wa Kiswahili ni kuyasoma matoleo ya Mambo Leo ya 1951 hadi 1953, mwezi kwa mwezi, aone mwenye shamba anaitwaje, na ni katika mwaka gani jina hilo linabadilika.